Kupanda Mount Field na Mount Tom Peke Yako Theluji Ikiwa Bado Msituni: Mwongozo Kamili wa Siku Moja

Mwezi Mei unapoingia, bustani za Manchester ya New Hampshire na Portland ya Maine, huku Marekani, huwa zimechanua, makoti mazito yamerudishwa kabatini, na ni rahisi kudhani kwamba safu ya White Mountains katika jimbo la New Hampshire nayo imemaliza baridi yake. Haijamaliza. Kuanzia mita 900 hivi kwenda juu, chini ya kivuli cha miti ya sprusi na balsamu ambayo ni jamaa za msonobari, theluji iliyokanyagwa na wapandaji tangu Desemba hubaki njiani hadi mwishoni mwa Mei, na miaka mingine huvuka hadi Juni. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kwenda huko peke yake, kupanda na kushuka ndani ya siku moja, na unafuata mzunguko mmoja tu: Mount Field (mita 1,323) na Mount Tom (mita 1,235), vilele viwili vilivyo juu ya Crawford Notch, bonde jembamba linalopita kati ya milima, vyote vikiwa katika orodha ya vilele 48 vya jimbo hilo vyenye kimo cha futi 4,000 na zaidi.

Nimeuchagua mzunguko huu kwa sababu za vitendo. Barabara kuu namba 302, ambayo huanzia Portland ya Maine na kuishia Montpelier ya Vermont, hupita mlangoni kabisa mwa njia na husafishwa mwaka mzima, ilhali barabara nyingi za msituni, Zealand Road ikiwa mojawapo, huwa bado zimefungwa kwa lango katika kipindi hiki. Isitoshe, vilele vyote viwili vimefunikwa na miti hadi juu, kwa hiyo upepo hukufikia ukiwa umepungua nguvu. Hilo si jambo dogo katika eneo hili: kilomita kama kumi upande wa kaskazini-mashariki uko Mount Washington, ambako tarehe 12 Aprili 1934 watunza kituo cha hali ya hewa walipima upepo wa kilomita 372 kwa saa. Anayeanza kujifunza milima ya theluji akiwa peke yake hana shughuli kwenye vilele vilivyo wazi.

Aliyezoea Kilimanjaro, ambako taratibu za hifadhi zinamtaka kila mpandaji awe na mwongozaji mwenye leseni, ataona ajabu kwamba hapa hakuna lango, hakuna mgambo, wala hakuna anayehesabu walioingia na waliotoka. Kazi yote ambayo kule hufanywa na mwongozaji, wapagazi na ofisi ya lango, hapa unaifanya mwenyewe, na sehemu yake kubwa unaifanya kabla hujatoka nyumbani.

Hatua ya kwanza: kuchagua usiku, kisha siku

Theluji ya kipindi hiki hubadilika kati ya alfajiri na adhuhuri kiasi kwamba njia ile ile huwa kama njia mbili tofauti. Joto likishuka chini ya nyuzi sifuri usiku, maji yaliyomo ndani ya theluji huganda na njia hubeba uzito wa mtu bila kubonyea. Jua likipanda, ugumu ule hulegea na mguu huanza kuzama. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama Jumamosi kutakuwa na jua, uliza kama usiku wa kuamkia Jumamosi utaganda kule juu.

Kwa kawaida hewa hupoa kwa nyuzi 6.5 hivi za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Mwanzo wa njia uko kwenye mita 580 hivi, kilele cha Mount Field kiko mita 740 juu yake, na hivyo tofauti ni karibu nyuzi 5. Usitegemee hesabu hiyo peke yake, kwa sababu katika usiku mtulivu usio na mawingu hewa baridi huteremka na kutuama bondeni, na asubuhi unaweza kukuta barafu kwenye kioo cha gari huku kilele kikiwa na joto kuliko maegesho. Soma utabiri uliotolewa kwa ajili ya kimo chenyewe: kituo cha Mount Washington Observatory hutoa kila siku utabiri wa vilele virefu, na idara ya taifa ya hali ya hewa ya Marekani inakuruhusu kubofya sehemu yoyote ya ramani ukapata utabiri wa kimo hicho.

Siku za kuahirisha ni tatu. Ya kwanza ni ile ambayo usiku wake haukuganda, maana hapo theluji itakuwa laini tangu hatua ya mwanzo. Ya pili ni ile iliyotanguliwa na mvua kubwa, kwa sababu mvua na theluji inayoyeyuka huingia vijitoni kwa pamoja. Ya tatu, ambayo watu huidharau, ni siku ya manyunyu na nyuzi 4 au 5: haionekani kuwa ya hatari, lakini hulowanisha kila kitu na haina baridi ya kutosha kuyageuza manyunyu kuwa theluji kavu, na watu wengi hupoteza joto la mwili kwa hali hiyo bila kutarajia.

Hatua ya pili: hesabu ya saa

Vitabu vya njia za huku hukadiria muda kwa kanuni rahisi: nusu saa kwa kila maili, ukiongeza nusu saa kwa kila futi 1,000 za kupanda. Mzunguko wetu una maili 7 na kitu, yaani karibu kilomita 11.5, na jumla ya mpando wake ni kama futi 2,900. Kwa kanuni hiyo unapata muda wa saa 5. Huo ni muda wa Agosti, njia ikiwa kavu. Kwa theluji ya Mei ongeza nusu yake, ufikie saa 7 na nusu, na usione aibu ikizidi.

Katikati ya Mei jua huchomoza saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri na kuzama karibu saa mbili usiku (natumia saa za Kiswahili; kwenye simu yako zitaonekana kama 5:20 na 8:00). Mwanga upo mwingi, na ndiyo maana watu hujidanganya wakaanza saa nne asubuhi. Mwanga haukusaidii kitu theluji ikishalegea. Uwe umefunga viatu na kuanza kutembea kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, ambapo ukienda kwa makadirio yale utafika Mount Field karibu saa nne na kurudi garini kabla ya saa nane mchana. Weka saa ya kugeuka na uiandike: ikiwa saa tano asubuhi imekukuta hujafika Mount Field, unageuka hapo hapo ulipo, hata kama kilele kiko mita 200 mbele.

Kuwahi huko kuna hatari yake barabarani. Alfajiri ndiyo saa ya moose, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye kimo cha farasi, ambaye hutoka msituni kulamba chumvi iliyobaki kandokando ya barabara. Miguu yake mirefu hufanya taa za gari zipite chini ya tumbo lake, kwa hiyo humwoni hadi umekaribia. Endesha polepole.

Hatua ya tatu: mtu anayejua ulipo

Mwachie mtu mmoja unayemwamini ujumbe wa maandishi wenye mambo haya: jina la njia na mwelekeo utakaouzungukia, mahali utakapoegesha, namba na rangi ya gari, rangi ya koti lako, saa unayotarajia kurudi, na saa ambayo asipokusikia atapiga 911, namba ya dharura. Ile saa ya mwisho iwe na nafasi ya kutosha, tuseme saa kumi na mbili jioni, kusudi kuchelewa kwa kawaida kusigeuzwe taharuki. Mwambie waziwazi kwamba simu haishiki vizuri Crawford Notch na kwamba ukimya wako wa mchana hauna maana yoyote. Ukiwa na kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, kibebe. Simu za iPhone kuanzia toleo la 14 nazo zinaweza kuomba msaada kwa setilaiti, ingawa chini ya miti minene zinahitaji subira na uwazi wa anga.

Uokoaji katika jimbo hili unasimamiwa na idara ya New Hampshire Fish and Game, na sheria inaruhusu mtu aliyeokolewa kutokana na uzembe wake kudaiwa gharama. Idara hiyo huuza kadi ya mwaka iitwayo Hike Safe, dola 25 kwa mtu mmoja na dola 35 kwa familia, ambayo humwondolea mwenye nayo deni hilo isipokuwa akiwa amefanya jambo la kutojali kabisa. Fedha zake huenda kwenye uokoaji. Naona ni dola 25 zilizotumika vizuri hata kama hutaihitaji.

Hatua ya nne: mavazi na mzigo

Pamba ibaki nyumbani, ikiwemo chupi na soksi, kwa kuwa ikishalowa haikauki na hunyonya joto la mwili. Vaa sufu au kitambaa cha sintetiki ngozini, beba koti jepesi la manyoya bandia (fleece), jaketi nene lililojazwa la kuvaa unaposimama, na koti pamoja na suruali ya mvua. Glavu ziwe jozi mbili, soksi jozi mbili. Viatu viwe vya kufunika kifundo, visivyopitisha maji, na juu yake vaa vifuniko vya mguu vinavyofika chini ya goti ili theluji isiingie kutoka juu.

Kwa ajili ya kushika barafu, nunua minyororo yenye meno ya chuma inayovutwa kwa mpira juu ya kiatu. Bila hiyo usianze safari. Viatu vipana vya theluji, vinavyofungwa chini ya viatu vya kawaida ili mguu usizame, vina mjadala. Wengi huviacha kuanzia Aprili kwa sababu ya uzito, na ikiwa usiku umeganda vizuri hutavivaa asubuhi. Hata hivyo, mimi ningevibeba hadi pale taarifa za wapandaji waliotangulia wiki hiyo zitakaposema theluji imekatika vipande vipande, kwa kuwa vitahitajika wakati wa kushuka, wakati ambao huwezi kurudi kuvichukua. Fimbo mbili za kutembelea ni za lazima, na vikombe vyake, yaani visahani vya karibu na ncha vinavyozuia fimbo kuzama, viwe vipana.

Kilichobaki ni vitu vya kukaa nje usiku mmoja ukivunjika mguu: mfuko wa dharura wa kuingia mwili mzima, kipande cha godoro la sponji la kukalia, taa ya kichwani na betri za akiba, kiberiti cha gesi na kitu cha kuwashia moto, kipenga, kisu, bandeji, ramani ya karatasi na dira. Programu ya ramani ya simu ni nzuri mradi umeipakua kabla, lakini baridi humaliza betri, kwa hiyo iweke simu mfuko wa ndani. Chakula kiwe cha kulika ukiwa umevaa glavu. Tende, karanga, chapati iliyokunjwa na siagi ya karanga ndani, na chupa ya chai ya tangawizi yenye sukari ya kutosha vimenitosha kuliko vile vipande vya vitafunio vya nguvu vya dukani ambavyo hugeuka mawe vikipata baridi.

Hatua ya tano: njia yenyewe

Egesha karibu na Crawford Depot, kituo cha reli kilichojengwa 1891, uvuke reli nyuma yake na kuingia Avalon Trail. Mwanzo wake ni msitu wa miti ya majani mapana, na hapo kwa kawaida utakuta matope. Pita katikati ya matope, usizunguke pembeni, kwa sababu kila anayezunguka huipanua njia na kuua mimea michanga. Njia huvuka kijito cha Crawford Brook. Chagua mahali pa kuvukia kwa kutazama kwanza, fungua mikanda ya kifuani na kiunoni ya begi ili ukianguka ulivue haraka, na uangalie mawe yenye barafu nyembamba ing'aayo, ambayo alfajiri ni utelezi mtupu. Kumbuka pia kwamba kijito hiki kitakuwa kimejaa zaidi mchana, theluji ya juu ikiwa imeyeyuka siku nzima. Ukiona asubuhi kwamba ni kigumu kuvuka, mchana kitakuwa kigumu zaidi, na huo ni uamuzi wa kurudi nyumbani usiohitaji kujadiliwa.

Baada ya maili 1.3 utafika njia panda: kulia ni A-Z Trail iendayo upande wa Mount Tom, kushoto Avalon Trail inaendelea kwa mpando mkali hadi Mount Field. Wengi hupenda kwenda kulia kwanza kwa sababu ni laini. Kwa siku ya theluji nashauri kinyume chake. Mpando mkali ni salama zaidi kuupanda asubuhi ukiwa mgumu, meno ya chuma yakishika sawasawa, kuliko kuuteremka mchana ukiwa umeyeyuka juu na kubaki na barafu chini. Teremko la A-Z mchana litakuchosha kwa kuzamazama, lakini halitakurusha.

Nusu maili juu ya njia panda kuna kijinjia kifupi cha kwenda Mount Avalon, jabali dogo lililo wazi ambalo linatazama bonde zima. Ni mahali pazuri pa kula na kujikagua: je, miguu imekauka, maji yapo, saa inaruhusu? Kutoka hapo theluji huwa haikatiki tena hadi juu.

Kilele cha Mount Field, kilichopewa jina la Darby Field ambaye mwaka 1642 alikuwa Mzungu wa kwanza anayejulikana kupanda Mount Washington, ni uwazi mdogo katikati ya miti. Hukai dakika nyingi kabla ya ndege wa kijivu mwenye paji jeupe, jay wa Kanada, kutua kwenye tawi la karibu, kisha kwenye fimbo yako, kisha kwenye chapati yenyewe. Wamezoea kulishwa na wapandaji. Funga begi.

Kutoka Field fuata Willey Range Trail kuelekea kaskazini kwa karibu maili moja hadi A-Z Trail. Usivutwe kwenda kusini kwenye Mount Willey siku hiyo hiyo. Mteremko wake ni mrefu na unaongeza masaa. Ukifika A-Z, jiulize tena kuhusu Mount Tom: kijinjia chake ni maili 0.6 kwenda na 0.6 kurudi. Ikiwa theluji imeanza kulegea, kiache na ushuke. Kilele kimoja kimekwisha kupatikana.

Hatua ya sita: kutembea juu ya theluji inayooza

Hapa ndipo siku hushinda au hushindwa. Mwisho wa msimu njia huwa tuta la theluji iliyoshindiliwa, lenye upana wa nyayo mbili, lililotapakaa majani ya sprusi kama pumba, na limeinuka juu ya theluji laini iliyo pande zote mbili. Tembea katikati ya mgongo wake, hatua fupi, mguu ukitua bapa badala ya kisigino kwanza. Rangi nayo hukuarifu: palipo na weupe uliokoza pameshika, palipo na kijivu chenye unyevu pana maji chini, na karibu na mashina na miamba theluji huwa na uvungu kwa sababu vitu hivyo hupokea joto la jua. Kwa kuwa umeinuliwa mita nzima juu ya ardhi, alama za rangi zilizopakwa kwenye miti zinaweza kuwa usawa wa goti lako, na matawi yatakupiga usoni, vaa miwani.

Mguu ukizama hadi pajani, simama. Usiuvute kwa nguvu wala usigeuze mwili, kwa sababu huko chini kiatu huwa kimeingia kati ya jiwe na gogo, na goti ndilo litakalolipa. Kaa chini ili uzito uhamie kwenye makalio, chimba kwa mkono kuzunguka mguu hadi uone kisigino, kisha utoe kiatu kwa njia ile ile kilikoingia. Ukiwa peke yako kazi hii hufanywa taratibu kila mara, hata ikiwa mara ya ishirini. Ukianza kuzama kila hatua chache, vaa vile viatu vipana. Kama hukuvibeba, huo ndio wakati wa kurudi.

Pembeni ya tuta kuna mtego mbaya zaidi. Miti michanga ya sprusi hufunikwa yote na theluji ikaacha pango la hewa kati ya matawi, na anayekanyaga juu yake huzama hadi kifuani. Matawi yameinama kuelekea chini, kwa hiyo huruhusu mwili kuingia lakini huushika unapopanda. Usiondoke njiani bila sababu, hata kwa haja ndogo. Jongea hatua moja tu ukijaribu theluji kwa fimbo. Ukitumbukia, vua begi ulilaze mbele yako kama mbao ya kuegemea, kanyaga theluji chini ya miguu ili kujenga ngazi, kisha jivute ukiwa umelala kifudifudi.

Wakati wote huo uuchunguze mwili. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35, dalili za mwanzo ni kutetemeka, vidole kushindwa kufunga zipu, ulimi kuwa mzito na kujikwaa ovyo. Aliye peke yake hana wa kumwambia kwamba anaongea ovyo, kwa hiyo jiwekee jaribio: kila unaposimama, gusisha kidole gumba na kidole kidogo cha mkono ule ule. Ikishindikana, vaa nguo kavu, kula kitu kitamu, kunywa chai, na uanze kushuka. Kutetemeka kukikoma bila wewe kupata joto, hapo hali ni mbaya na msaada unatakiwa mara moja.

Hatua ya saba: baada ya kushuka

Mtumie ujumbe yule mtu wako mara tu simu inaposhika mtandao, kabla ya kusimama kununua chakula. Badili soksi na shati kabla ya kuendesha. Kuanzia katikati ya Mei utakutana pia na inzi weusi wadogo wanaouma, ambao husumbua tu, na kupe wa msitu wa chini, ambao huambukiza ugonjwa wa Lyme. Ukifika nyumbani oga mapema na ujikague kwapani, nyuma ya magoti, kwenye nywele na kiunoni. Ukimkuta kupe ameng'ang'ania, mkamate kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute juu moja kwa moja bila kumzungusha, osha mahali hapo kwa sabuni, na uandike tarehe. Upele unaopanuka au homa ikitokea katika wiki zinazofuata, nenda kwa daktari ukiwa na tarehe hiyo.